Nilivyomrudisha Dalacha kutoka kwa Zimwi

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kutoka Isiolo mpaka Moyale hakuna kijana anajua ngamia kama mimi, Wako. Wakiniona wanapiga magoti kabla sijafungua mdomo! Shule niliacha kidato cha pili — walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha.

Leo siku yangu imefika. Dalacha amepotea! Ngamia wa Abuya Arero, mjomba wangu, yule wa maziwa mengi kushinda wote. Mchana tulipumzika chini ya miti, mimi na Nakal. Nakal ni Mturkana, amemchungia Abuya miaka kumi. Ngamia mtoro kama Dalacha unamkunja mguu wa mbele, unafunga na kamba, haendi mbali. Kuangalia hivi — hayuko. Kamba iko chini.

Abuya alifoka mpaka kofia ikaanguka. Nani alikuwa wa kufunga? Nikasema Nakal. Nakal akasema muulize Wako vizuri. Abuya akaona huo ni ujeuri. Jumamosi ataamua kama Nakal anabaki ama anafukuzwa.

Haitafika huko. Nitamleta Dalacha, kila mtu atacheka, basi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemuuliza Akko, nyanya yangu, ngamia akipotea kwa hadithi zake hutafutwa wapi. Alikuwa anatafuna buni za kahawa zilizokaangwa kwa siagi. Akasema hadithi zote ni barabara moja: kitu kinapotea, mdogo wa nyumba anatumwa, anakutana na zimwi, anapewa kazi tatu, anarudi mkubwa. Na kitu kilichopotea, akasema, kinapenda kurudi kilikozaliwa.

Dalacha alizaliwa Kinna, ndiko Abuya alimnunua!!! Mimi ndio mdogo wa nyumba! Hadithi imenikaa kama shati.

Akko akasema niache mbio, wewe Wako unapenda mwisho tu. Nilikuwa nimeshafika barabarani. Nimepata lori ya mbuzi. Nanuka, lakini shujaa hanusi nguo zake.

Jumatano, 7 Agosti

NIMEMPATA! Kinna, ndani ya shamba la vitunguu, anatafuna kama amelipa. Na zimwi lipo! Jamaa mrefu, panga mkononi, macho mekundu. Mworia, Mmeru, amekodi hilo shamba.

— Habari, mwenye ngamia, akasema. Polepole. Hiyo polepole ndiyo iliniogopesha.

Nikamwambia mimi ni mtu maarufu kwetu. Akasema vizuri, basi watu maarufu hufanya kazi vizuri. Nizibe ua aliovunja Dalacha. Nichimbue mfereji alioukanyaga. Nibebe magunia mpaka barabarani.

Nimehesabu mara mbili. TATU! Nilicheka mpaka zimwi likaniuliza kama nimepigwa na jua.

Alhamisi, 8 Agosti

Mgongo. Mikono. Ala! Kwa hadithi hawasemi habari ya malengelenge.

Lakini nimemaliza zote. Zimwi limenipa githeri sahani mbili, likamfunga Dalacha kidonda cha mguu kwa kitambaa chake, likaniambia nikirudi nimsalimie mzee aliyenilea. Zimwi gani hilo? Bado panga nililiogopa.

Tunarudi kwa miguu, mimi na malkia wangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumeingia saa nne asubuhi. Watoto wametupokea mbio! Wamama wamepiga vigelegele. Abuya amenishika kichwa, akasema huyu ni mwanaume. Mbuzi amechinjwa. Nimesimulia mara tatu — mara ya tatu Mworia alikuwa na mapanga mawili.

Nakal alikuja akamshika Dalacha mguu, akasema umefanya vizuri, Wako, upake mafuta hapa kila asubuhi. Nikamwambia utapaka wewe, bana, mimi nimechoka.

Halafu Abuya, mdomo umejaa nyama, akatangaza. Ngamia kupotea ni kazi ya Mungu. Lakini mchungaji ambaye hafungi kamba, halafu anasingizia mtoto, leo ni ngamia, kesho ni mtu. Nakal aende leo.

Sikutarajia! Ngamia si amerudi? Kazi tatu si nimefanya?

Akko alikuwa anawasimulia watoto ile ya msichana aliyesingiziwa kwamba amemwaga maziwa. Akafukuzwa. Ndege akaja juu ya boma akaimba ukweli mbele ya wazee, msichana akarudishwa. Mtoto mmoja akauliza, na ndege asingekuja? Akko akaniangalia mimi, si mtoto. Akasema basi msichana angeenda tu.

Niko nyuma ya zizi naandika. Nimeangalia juu ya miti yote. Kuna kunguru mmoja na anataka matumbo ya mbuzi.

Namuona Nakal kutoka hapa. Blanketi, sufuria, fimbo. Miaka kumi imeingia kwa gunia moja. Ameshafunga mdomo wa gunia, anaangalia barabara ya mjini. Abuya ananiita nije nile ini, ini ni la shujaa. Ameita mara mbili.

Kamba ilikuwa kwa mkono wangu. Nakal aliniambia, Wako, funga kwanza. Halafu akaniambia tena. Nikamwambia tulia mzee, ngamia hawanitoroki mimi. Fosia, msichana ninayempenda, alikuwa amepiga simu, nilitaka kumchekesha. Nikaiangusha hiyo kamba chini.

Sikumfunga. Ni mimi.