Lemayian Hakuamka Shimoni

Goma, Kongo

Kwa Yeyo, mama yangu mpendwa,

Takwenya, Yeyo. Miguu imepoa, au bado inakusumbua ukiamka? Mvua imefika Kitengela? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sina.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" kisha laini ikakatika ukilia. Tangu hapo dada yangu Nasieku anasema hutaki kushika simu. Basi nimeandika, akusomee polepole, na asiruke mahali.

Unajua kilichotuleta huku, mimi na ndugu yangu Lemayian. Nyiragongo, mlima ulio juu ya mji huu, ukilipuka humwaga moto mpaka mitaani, na umeua watu tangu zamani. Mama mwenye nyumba wetu alipoteza mume katika mlipuko mmoja, na mwingine ukafunika nyumba yake. Amejenga tena juu ya jiwe lile lile. Moto ukipoa unakuwa jiwe jeusi, na jiwe linataka fundi. Sisi tuliofundishwa na mjomba kwenye kwari ya Kiserian tukaona kazi ni ile ile.

Mlima ulikuwa umetulia, Yeyo. Hatukujua kuwa hata ukinyamaza unaua. Kuna hewa inayotoka kwenye nyufa za mawe, wenyeji wanaiita mazuku. Haionekani, na kwa uzito wake inajaa mashimoni kama maji. Ukilala ndani yake huamki.

Kiserian, jua likiwa kali, tulikuwa tunashuka shimoni kulala kivulini. Lemayian akafanya vivyo hivyo, katika shimo tulilochimba wenyewe.

"Wacha nijinyooshe kidogo, bro. Chai ikiwa ready uniite."

Nilipomwita alikuwa amefunika uso kwa kofia, mguu juu ya mguu, vile unavyomjua. Nikaita tena kwa nguvu. Kando yake niliona ndege wawili wamekufa.

Nilianza kushuka. Amani, nyapara wetu, akanidaka shati. "Usishuke! Iko mazuku mule!" Akafunga taa kwenye kamba, akaiteremsha. Ilizimika kabla haijamfikia Lemayian. Bado nilipigana naye na wenzetu wa kazi, Yeyo. Nilimuuma Amani mkono mpaka damu ikatoka, wakanilaza chini na kunikalia mgongoni. Akaniinamia akauliza, "Mama yenu iko na vijana ngapi?" Nikasema wawili.

"Basi umubakishie moja."

Tulimtoa kwa ndoano na kamba, mimi mwenyewe nikivuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu. Wiki ile barabara ilifungwa kwa sababu ya vita, hatukuweza kumleta. Udongo wa hapa ni kidogo, kwa hivyo tulimfunika kwa mawe aliyoyachonga yeye. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nasieku, pole, najua hapa umesoma ukilia. Msalimie mjomba, fundi wetu wa Kiserian, na umwambie asijilaumu. Alitufundisha vizuri, kwa mawe ya kwetu.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori anayekaa hapo Kitengela. Safari yake ijayo nitapanda naye. Uliuliza nilikuwa wapi, Yeyo. Nilikuwa pale ukingoni, nimeshikwa. Nikifika langoni usiangalie nyuma yangu kumtafuta. Niite jina langu kwanza, halafu ulie.

Ni mimi, kijana uliyebakishiwa,
Parsaloi