Kamera Iliyofunguliwa Juani

Studio ya Shigela,
Mabatini, Mwanza.
25 Septemba 1994

Kwa dada yangu Teodora,

Shikamoo dada. Naamini karatasi hii itakukuta umesimama imara kwa miguu yako miwili, mashine ya kusaga inanguruma, na shemeji bado anabisha kwamba hakoromi. Mimi mdogo wako ni mzima. Nakula, nalala, na suruali niliyoshonesha Pasaka imeanza kunibana kiunoni, kwa hiyo wakikuambia nimekonda ujue hao hawajaniona. Mabatini siku hizi ni duka juu ya duka. Mtu akiwa na dirisha linalotazama barabara, kesho yake ni mfanyabiashara, anauza mitumba na betri na vibiriti na kuwadharau wenye milango.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Selina. Umeandika kwa upole, lakini nakujua, kila ulipoandika pole nilisikia unavyoguna. Unasema habari zimefika hadi sokoni kwenu Geita kwamba mdogo wako, aliyekuwa akijisifu kuwa kati ya hapa na Nairobi hakuna mpiga picha wa kumbebea hata begi, amefungua kamera mchana kweupe na mkanda ukiwa ndani. Unasema kama macho yamechoka, au kichwa ndicho kimechoka, niache mambo ya picha nije nisimamie mashine yako, chumba kipo na unga hauishi. Ahsante sana dada. Jibu nitakupa, ila kwanza nikupitishe njia yote, maana ukiikata katikati utabaki unaamini wanachoamini wenzako sokoni.

Kazi yangu huijui, kwa hiyo nikueleze. Mkanda ukiwa umenyooka ndani ya kamera, hujaurudisha kwenye kikopo chake, ukifungua mlango wa nyuma jua linaingia na kula kila kitu, picha nzuri na picha mbaya pamoja. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mpiga picha wa miaka ishirini kazini kulifanya ni sawa na fundi cherehani kukata suti ya mteja kwa vipimo vya mke wa mteja. Na sisi hatuna duka jingine zaidi ya jina. Watu wanaleta nyuso zao kwako kwa sababu wanaamini hutazipoteza.

Mwezi wa saba alikuja studio mtu anaitwa Nkwabi, kwa jina Msukuma mwenzetu, kwa mavazi ni mtu wa Dubai. Ana pikapu nyeupe, miwani ya jua haivui hata ndani ya nyumba, na ukimuuliza kazi yake anasema anafanya soko huria, kana kwamba huria ni aina ya bidhaa. Akasema anataka picha za furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe, akiwa kiotani na makinda yake, za kalenda ya kampuni moja ya nje. Akasema ameuliza mji mzima, na wote wamemwambia kama Shigela hawezi basi haiwezekani. Nikamjibu kwamba hao aliowauliza ni watu wakweli. Hapo akatoa kwenye sanduku lenzi ndefu kama mchi, akasema picha zikitoka safi, lenzi hiyo inabaki kwangu. Dada, mimi nimekaa Nairobi, Kampala nimefika wakati wa vita na wakati wa amani, lakini lenzi kama ile sikuwahi kuishika. Nilipoiweka jichoni nilimwona mende anatembea ukutani kwenye duka la Rajabali, ng'ambo ya barabara. Nikakubali kabla Nkwabi hajamaliza kusema.

Kiota kiko juu ya mkuyu uliochomoza kati ya mawe, kwenye kisiwa kidogo mbele ya Pasiansi. Alikuwa akinipeleka Ndalahwa, mvuvi wa pale pale Pasiansi, kwa mtumbwi wake. Mchana pale hapafai. Upepo wa ziwa ukiamka mtumbwi unacheza ngoma, na kwa lenzi ile ukitikisika kidogo tu ndege anageuka moshi. Basi lazima uende asubuhi, maji yakiwa bado yamelala. Lakini asubuhi jua linatokea nyuma ya mti, linakutazama wewe, na furukombe anakuwa kipande cha mkaa kilichobandikwa angani. Ukiongeza mwanga upate mwili, kile kichwa cheupe kinaungua na kubaki tundu. Ukikifuata kichwa, mwili wote unazama gizani. Ongeza na moshi wa watu wanaochoma mashamba, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama wingu. Nilirudi mjini na mikanda ya makaa matupu. Taher, mwenye maabara ya picha za rangi, aliniuliza kwa adabu kabisa kama siku hizi nimehamia kwenye kunguru. Ndalahwa naye akasema furukombe amekwisha kunizoea, ananiona kama shemeji asiye na kazi.

Halafu nikakumbuka harusi. Bwana harusi mweusi kama mimi, suti nyeusi, pembeni yake gauni jeupe, juu jua kali. Nikajiambia, Shigela, mbona wewe furukombe unampiga kila Jumamosi, tena mwingine amevaa na tai? Kwenye harusi nampa mtu shuka jeupe alishike upande wa pili, linarudisha jua usoni kwa maharusi. Sasa ziwani nani atashika shuka? Nikageuka nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na jiwe kubwa ambalo mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, wamelinyea mwaka hadi mwaka, limekuwa jeupe kuliko ukuta wa misheni. Jua la kwanza likilipiga jiwe lile, mwanga unarudi mpaka kiotani, laini, kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Jua likishapanda juu ya mti linakuingia ndani ya lenzi na biashara imekwisha. Mavi ya ndege, dada. Wenzetu wanapanda ndege kwenda kusomea mwanga, mimi niliuokota kwenye mavi. Nkwabi sikumwambia habari ya jiwe. Nilimwambia ni ufundi.

Siku yenyewe alikuja na yeye, akakaa mbele mtumbwini na miwani yake. Moshi ulikuwa umepungua. Nikapima mwanga kwenye kiganja cha mkono wangu, nikangoja. Jike alikuwa ukingoni mwa kiota, na makinda wawili, wakubwa, manyoya yamekwisha kuota, wanapiga mabawa pale pale kama watu wanaokung'uta mikeka. Dume akaja na samaki. Jike akatupa kichwa nyuma akalia, na ule mwanga wa jiwe ukampanda kifuani taratibu. Kila unyoya mweupe ulikuwa na kivuli chake. Tumbo likawaka kama chai ya rangi kwenye glasi. Ndani ya jicho kulikuwa na nukta ya jua. Nikabonyeza. Nimepiga maharusi, wabunge, ng'ombe wa maonyesho na maiti, na huwa najua picha inapoingia hata kabla ya kusafishwa. Hii iliingia. Na za makinda zikaingia pia, safi kabisa.

Wakati wa kurudi furaha ilimzidi Nkwabi, akaanza kunieleza mambo, kama mjanja anavyomweleza mjanja mwenzake. Akasema kalenda hakuna. Kuna tajiri wa nje anayetaka makinda ya furukombe wakiwa hai, lakini alikwisha tapeliwa, kwa hiyo hatumi kitu mpaka aone kwa picha kwamba makinda wapo, wana afya na wamekaribia kuruka. Picha zitaondoka kwa ndege siku ile ile, jibu likirudi tu mpandaji anapanda mkuyu. Akaniambia kinachomkosesha usingizi ni kitu kimoja, wasije wakaruka kabla. Nikamuuliza habari ya kibali. Akasema cha kasuku anacho, na cha hawa kitatafutwa baadaye, siku hizi kila kitu kinatafutwa. Mimi nilicheka naye. Nakueleza kama ilivyokuwa, nilicheka. Ndalahwa alikuwa nyuma anapiga kasia na kuimba, sidhani alisikia.

Tulipofika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nikaenda na Nkwabi kwenye pikapu kurudisha sanduku la lenzi. Akafunua turubai. Chini yake vilikuwa vizimba vya waya, vimejaa wale kasuku wadogo wa kijani wanaomaliza mtama wa watu huko kwetu. Walikuwa wameshindiliwa kama dagaa ndani ya gunia. Wengine walikuwa wamekufa, lakini hata waliokufa walikuwa wamesimama, maana nafasi ya kuanguka haikuwepo. Nkwabi akavuta turubai, akanyoosha mkono, akaomba mkanda.

Yaliyofuata umekwisha kuyasikia. Niligeukia jua, nikafungua mlango wa nyuma wa kamera, nikauvuta mkanda wote nje kwa mkono mpaka ukaning'inia magotini kwangu. Nkwabi alipiga kelele ambazo sikujua mwanaume mwenye pikapu anaweza kuzipiga. Suzana, yule anayekaanga sato pale mwaloni, akaacha karai lake, akashika kiuno, akatangaza kwamba njooni jamani, mpiga picha wa Nairobi anatumbua kamera, mleteeni na chumvi! Mwaloni mzima ukaangua kicheko. Nkwabi aliniita mshamba, akaniita mtu wa picha za vitambulisho, akanipokonya lenzi yake. Mimi nilisimama na utumbo ule mkononi nikisema maskini, nimesahau. Ndalahwa peke yake hakucheka. Alinifungia samaki wawili kwa kamba, akasema bwana nenda kapumzike, hata nyavu huchanika. Nilipofika Mabatini habari ilikuwa imekwisha fika, imekaa, imekunywa chai.

Sasa dada, soma hapa mara mbili, halafu usimsomee mtu. Sikusahau. Nilijua mkanda uko ndani kama ninavyojua jina la mama. Kama ningekataa kuutoa angeuchukua, maana mkanda ni wake, na ndani ya pikapu walikuwamo vijana wawili wenye shingo kama magogo. Kama ningepiga makelele ya haki angeniona adui, angeshika njia nyingine siku hiyo hiyo. Lakini fundi akikosea kijinga, nani atamshuku? Watu wako tayari kabisa kuamini kwamba mwenye majigambo ni mjinga, wamekuwa wakiisubiri siku hiyo. Niliwapa. Kilichoniuma si Nkwabi. Nilipokuwa nauvuta mkanda nilikuwa najua ni kipande gani kinapita kwenye vidole vyangu, na kile cha jike anayelia kilipotoka nje, kikapata jua, mkono wangu ulisimama kidogo. Halafu ukaendelea.

Nkwabi alikuja na mpiga picha mwingine kutoka Musoma. Ndalahwa aliwapeleka, akaniambia jamaa alitega kamera huku amelipa mgongo jiwe, hakulitazama hata mara moja, wala hakungoja mwanga wake. Akaondoka na makaa. Jumapili iliyopita nilikwenda kule bila kamera, nikakaa mtumbwini mikono mapajani kama mtalii. Kinda mmoja alikuwa amekwisha ondoka. Wa pili aliruka mbele ya macho yangu, vibaya sana, akaangukia kwenye magugu maji, akabaki pale anawafokea wazazi wake kana kwamba wao ndio waliomsukuma. Baadaye akaruka tena, akaenda mbali.

Kwa upande wa jina, sikufichi, limeumia. Rajabali jirani yangu, ambaye binti yake Sana nimempiga picha tangu anabebwa mgongoni, alikuja studio ameweka mkono kifuani. Akasema kwa upole kwamba kina mama wa nyumbani wana wasiwasi, harusi hairudiwi, kwa hiyo wamemwita mtu kutoka Dar es Salaam, ila mimi nije kama mgeni, nikae meza ya mbele. Nilikwenda. Yule bwana wa Dar alimsimamisha Sana dirishani, jua lote mgongoni kwake. Mimi nilimtazama, nikajaza biriani mdomoni ili maneno yasitoke.

Ndiyo maana nakushukuru kwa mashine, lakini siji. Wateja wa vitambulisho bado wapo, hao kosa langu haliwahusu, wanataka masikio yote mawili yaonekane tu. Harusi zitarudi polepole, au hazitarudi. Usimweleze shemeji, maana shemeji ataeleza baa nzima kwa ajili ya kunitetea, na Nkwabi hajauza ile pikapu. Mwakani mkuyu ule utakuwa na mayai mengine. Nimekuambia wewe kwa sababu nimejaribu kukaa nalo peke yangu nimeshindwa. Mtu anaweza kukaa bila ile picha, nimeona inawezekana, ila ni vigumu kukaa bila mtu hata mmoja duniani anayejua kwamba niliipata.

Nifikishie shikamoo kwa shemeji na kwa mama mkwe wako, wabusu watoto, na mwambie Bernadeta picha zake za kipaimara zipo, zimetoka vizuri mno, nitazituma na Selina. Mungu akuwekee mikono hiyo isichoke.

Na sokoni wakinicheka tena mbele yako, usinitetee, dada. Cheka nao.

Ni mimi mdogo wako,
Shigela, mpiga picha