Akala za Tairi ya Gari Nyekundu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimekamua. Maziwa kidogo tena. Ng'ombe amelala nje kwa sababu zizi lake sasa linalala gari. Anasimama chini ya mkaratusi akitetemeka, na mama mkwe ananiangalia kama ni mimi niliyeipaka hiyo gari rangi nyekundu.

Baba Chebet ameondoka saa kumi na mbili kurudi kazini Kericho. Nilimsindikiza mpaka kwa geti, mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa umefunika chai yote. Hapo chini kwa kona ya daraja nikaona taa zake za nyuma zikienda pembeni. Zikazunguka. Halafu nikaona taa za mbele zinaniangalia mimi.

Gari iligeuka yenyewe. Ilisimama hatua moja kutoka ukingo wa mto.

Nilikimbia mpaka pumzi ikaisha. Nikampata anacheka. Akasema, "Umeona, Mama Chebet? Hata kugeuka imejua."

Si gari yetu. Ni ya Bwana Karanja, mwenye duka la spea mjini. Gari ya mbio, milango miwili, fupi kama ndama. Mume wangu ndiye dereva wake, na Jumamosi hadi Jumapili huja nayo nyumbani. Matairi ni mapya, yametoka Nairobi. Ya mbio, na ati ni ya misimu yote. Bwana Karanja alikuja mwenyewe kuyasifu mbele ya zizi: "Jua, mvua, baridi, hii tairi haijui kitu inaitwa kuteleza."

Misimu yote ya wapi? Nilitaka kuuliza.

Niliweka kidole gumba kwa tairi pale kwa daraja. Ngumu kama kisigino cha mzee. Mimi mpira naujua. Baba yangu anakata akala, viatu vya tairi, soko la Chepilat. Akala ndizo zilinisomesha mpaka darasa la saba.

Naogopa.

Jumapili, 7 Julai

Sasa nimejua kwa nini matairi. Kuna mashindano. Jumamosi tarehe ishirini na saba, saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Kericho mpaka hapa Boito na kurudi. Baba Chebet ndiye ataendesha. Akishinda, Bwana Karanja atamwachia karakana iliyo nyuma ya duka, aisimamie kama yake.

Ameota karakana tangu nimjue. Tayari ana maneno ya kuandika kwa mlango: Karakana ya Chebet. Aliyachora kwa kidole kwa kioo cha gari, kwa umande. Mtoto akalamba.

Na mimi naitaka hiyo karakana. Niandike ukweli. Nimechoka kuishi kwa jiko la mama mkwe.

Leo nilimwonyesha Baba Chebet. Asubuhi nikamwambia abonyeze tairi. Ngumu. Saa sita, jua likiwa limetoka, nikamwambia abonyeze tena. Laini, ukucha unaacha alama. Hata upepo aliojaza jana mchana, asubuhi kipimo chake kilionyesha umepungua. Nikasema, mashindano ni asubuhi, si saa sita.

Akamgeukia mama yake. "Umesikia? Binti wa akala anafundisha dereva."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nikaenda kuosha nepi ambazo zilikuwa safi.

Wiki hii tairi moja kati ya hizo mpya ilipasuliwa na jiwe. Aliitupa nyuma ya choo akaweka ya akiba. Nimeificha kwa kuni.

Alhamisi, 11 Julai

Nimetoka Chepilat. Tairi kwa kichwa mpaka stendi, Chebet mgongoni. Watu waliuliza kama gari nimeimeza.

Baba aliishika tairi, akainusa, akaipiga na kisu. Akasema ina waya ndani, itamsumbua. Halafu akaniuliza akala ni za nani. Nikasema za mume wangu.

"Tairi za aina hii huwa naziwekea wateja wa Kisumu," alisema. "Kule joto, zinashika kama gundi. Mtu wa Boito nikimuuzia, Julai atanirudishia kiatu pamoja na mguu uliovunjika."

"Ndiyo maana nazitaka, Baba."

Hakuuliza tena. Alichukua koleo akaanza kuvuta waya moja moja, akachonga soli vizuri, mikanda ya tyubu, misumari midogo. Akala nzuri kabisa. Akanipa na ndizi za mtoto.

Sijui kama ninachofanya ni dhambi.

Jumapili, 14 Julai

Hakuja. Ametuma salamu kwa jirani, ati wanafanya mazoezi. Mchana, barabara kubwa. Mchana! Jua likiwaka!

Chebet ameota jino la pili. Hakuliona.

Jumatatu, 15 Julai

Nimezijaribu zile akala. Ni kubwa kwangu, nikazifunga na kamba ya katani.

Jana saa sita nilivuka mawe ya kijito nazo. Zilishika vizuri sana. Nilienda na kurudi mara tatu kama mtoto anacheza.

Leo baada ya kukamua nikavuka tena. Nilimwacha Chebet kwa mama mkwe. Jiwe la kwanza sawa. Jiwe la pili, mguu ulienda wenyewe. Haukuniuliza. Nikaanguka, goti limefura kama kiazi.

Nilikaa kwa maji baridi nikafurahi. Mtu angeniona angesema nimerukwa na akili.

Kama jiwe la kijito ni hivi, lami iko namna gani, na gari inakimbia?

Jumatatu, 22 Julai

Nimeharibu kila kitu.

Alikuja Jumamosi. Nikampa akala jana baada ya kanisa. Alifurahi, maskini. Hajawahi kupata zawadi kwa mkono wangu. Alizivaa mchana wote, akambeba Chebet, akazunguka boma akimwonyesha mama yake. "Zinashika hizi! Baba mkwe ni fundi!"

Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli baada ya chai. Sikuweza. Furaha yake ilinifunga mdomo.

Leo asubuhi akasema atapeleka maziwa yeye kabla ya kwenda kazini. Njia ya kituo cha maziwa ni ile ya mawe, inateremka. Umande mwingi, baridi ya kuuma masikio. Ningesema vua. Neno moja. Sikusema. Nilimfuata nyuma na mtoto, na niliomba aanguke kidogo tu. Niliomba hivyo, Mungu ananisikia.

Alianguka vibaya. Mgongo, halafu kiwiko. Mkebe ukabingirika mpaka kwa foleni ya akina mama. Maziwa yote chini.

Mama mmoja akapiga kelele, "Dereva! Breki zimekataa?" Mwingine akasema, "Mpeni leseni ya punda!" Walicheka wote. Na yeye akaanza kucheka, halafu akaniona. Uso wangu ulimwambia.

Akainua mguu, akaangalia chini ya akala. Mistari ya tairi bado iko. Akaibonyeza na kidole gumba.

"Hii ni ile tairi."

Nikasema ndiyo.

"Ulijua nitaanguka."

Nikasema ndiyo.

Alizivua akaziacha hapo kwa mawe. Alipanda miguu mitupu, akavaa viatu vyake, akaingia kwa gari. Mimi hakuniangalia, na mtoto hakumuaga. Kwa kona ya daraja alikanyaga mafuta makusudi. Nilisikia.

Siku tano zimebaki. Sasa atakimbia kwa hasira. Mimi ndiye nimemtia hasira.

Jumatano, 24 Julai

Hakuna habari. Nimechuma chai na mikono tu, roho haiko. Karani wa kituo cha chai amenirudishia nusu ya majani, ati nimechanganya na makubwa.

Mama mkwe hanisemeshi. Anamsemesha ng'ombe.

Ijumaa, 26 Julai

Mvua ya mawe. Saa tisa mchana. Ilianza kwa mabati kama mtu anamwaga mahindi, halafu hakuna aliyesikia mwenzake. Nilijifunika na Chebet chini ya meza.

Imeisha sasa. Chai yetu imebaki vijiti. Chini kote ni kweupe. Watoto wa jirani wanakula barafu. Kwa kona ya daraja, chini ya mikaratusi, imerundikana mpaka kwa kifundo cha mguu, na jua halifiki pale. Itakaa mpaka asubuhi. Najua itakaa.

Hakuna simu. Hakuna mtu wa kutuma. Ningeenda Kericho kwa miguu kama si mtoto.

Nimechukua majivu ya jiko kwa debe nikaenda kumwaga kwa kona. Mara ya kwanza, ya pili. Majivu yakaisha. Nilikuwa nakwangua jiko na kisu, nalia bila sauti, nikasikia mtu amesimama mlangoni.

Mama mkwe. Ameshika debe lake. Amechota majivu ya kiangazi chote aliyokuwa amewekea kitunguu chake. Alitangulia.

Tumemwaga sote wawili mpaka kona imekuwa ya kijivu. Halafu akasimama, mikono kiunoni, akaangalia barabara inavyopanda kuelekea Kericho.

"Kona ni nyingi," alisema. "Na majivu ni ya jiko moja."

Jumamosi, 27 Julai

Chebet amelala. Naandika haraka.

Tulikuwa kwa daraja kabla ya kupambazuka, watu wengi, makoti na blanketi. Gari zikaja. Ya kwanza buluu, halafu nyeupe, halafu zingine. Zinapita kama zimetupwa. Kila moja nilifunga macho. Nyekundu hakuna.

Nikangoja. Nyekundu hakuna. Mama mkwe alinishika mkono, vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti. Miezi kumi na sita nimekaa kwake, hajawahi kunishika.

Nilianza kuuona mwili wa Baba Chebet. Nilimwona kwa chai, kwa mtaro, kila mahali. Nilianza kumwambia Mungu achukue karakana. Achukue hata jina kwa mlango. Aniachie yeye tu, hata akininunia mpaka tuzeeke.

Halafu ikatokea. Polepole. Polepole mpaka watoto walikimbia nayo sambamba. Bwana Karanja amekaa kando ya dereva, anapiga dashibodi na ngumi, mdomo unaenda, "Kanyaga! Ngai, Mungu wangu, kanyaga!"

Watu waliinuka. "Hiyo ni mashindano ama ni mazishi?" "Dereva, shuka tukusukume!"

Baba Chebet alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anabeba mtungi. Alifika kwa kona, akaona majivu. Niliona vile aliyaona. Hakutuangalia. Akapita juu yake taratibu, akaenda kugeukia sokoni, akarudi, wa mwisho tena.

Nililia kama mtu aliyefiwa. Watu walifikiri ni aibu.

Jumapili, 28 Julai

Amekuja kwa miguu kutoka stendi. Na mfuko wake wa nguo. Bwana Karanja amechukua ufunguo mbele ya watu wote.

Magari mengine yote yalifika salama. Hakuna hata moja lililoanguka. Jirani amekuja kusimulia hayo kwa sauti, akanywa chai yetu, akasimulia tena.

Mama mkwe akamjibu, "Mtoto wangu amerudi na miguu miwili. Nani hapa ameuliza habari ya gari?" Akampa mwanawe kibuyu cha mursik, maziwa yale mazito ya mkaa aliyokuwa akiyawekea mshindi.

Yeye alikunywa. Akaenda kulala.

Jumatatu, 29 Julai

Leo ameongea. Tulikuwa tunapogoa vijiti vya chai vilivyopigwa na mawe, yeye mstari wake, mimi wangu.

Alisema ilikuwa kona ya tatu kutoka Kericho. Kivuli, barafu bado nyeupe. Nyuma ya gari ikatoka. Ilitoka kidogo, halafu yote, vile mguu wake ulitoka ile asubuhi ya maziwa. Alisema mwili wake ulikumbuka kabla ya kichwa. Akaachilia mafuta, akanyoosha polepole, ikarudi barabarani. Baada ya hapo mguu ulikataa kukanyaga tena.

"Wengine walikanyaga wakapita," alisema. "Labda mimi ni mwoga tu."

Niliendelea kukata. Sijui kama nimemwokoa au nimemvunja. Hakuna mtu atakayeniambia. Karakana ilikuwa pale, sasa haiko, na hilo ni mimi.

Nilimwomba msamaha kwa sababu ya akala. Alisema, "Ungesema tu." Nikasema nilisema. Alifikiri. "Kweli," akasema. "Ulisema."

Jumapili, 4 Agosti

Ng'ombe amerudi zizini. Alama za matairi bado ziko kwa udongo, analala juu yake. Maziwa yameongezeka kidogo.

Mwenye trekta anatafuta dereva. Baba Chebet ataenda kumwona kesho.

Asubuhi amepeleka maziwa miguu mitupu, anashika kila jiwe na vidole. Saa sita jua likatoka. Nikamwona anatafuta kitu chini ya kuni. Akala. Kumbe mama mkwe alikuwa ameziokota siku ile akaziweka.

Akazivaa. Akazibonyeza kwanza na kidole gumba, moja, nyingine. Akambeba Chebet, wakateremka kwenda kijitoni kuangalia bata wa jirani.

Nimesimama kwa mlango nikaangalia miguu yake. Jiwe la kwanza. La pili. La tatu.

Wamevuka. Nimerudi kuepua viazi.