Vikombe Viwili vya Manjano

Jumanne, mwezi wa Shaabani, 2006

Sikumkaripia mke wangu, nilimwambia tu. Miaka arubaini nimeuza viungo sokoni, nani wa kunifunza mimi manjano?

Binti yangu Zuhura, muuguzi, yuasema wataalamu wanachunguza kilichomo ndani ya manjano, huenda kikazuia usahaulifu wa uzeeni. "Lakini bado hawana hakika, baba." Wao hawana. Mimi ninayo. Mwanaisha wangu siku hizi yuasahau hata majina ya wajukuu, na kila asubuhi namchemshia manjano kwa maziwa na pilipili manga.

Leo nikampa kikombe, akasema, "Nishakunywa, bwana."

"Umesahau, Bi Mwanaisha. Kunywa."

Akanitazama, akanywa chote.

Zuhura alipokuja kuosha vyombo akakuta vikombe viwili, vyote vina manjano. "Baba, umempa mara mbili?"

Nikasema kimoja cha jana. Na jana vyombo aliviosha Zuhura mwenyewe.

Mwanaisha akacheka. "Mwache babako, mwanangu. Yuasahau."

Alikumbuka yeye. Nimefurahi, wallahi. Lakini mimi...

Kesho nitachemsha ya watu wawili. Zuhura akiuliza, nitamwambia naonja tu kama sukari imekolea.