Koba Haitakuwa Sufuria

Mangobo, Kisangani
Jumapili jioni, mwezi wa tano

Mpendwa Papa,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama ameniomba niyaache. Kwenye simu siwezi. Simu ni ya ndugu yako, Tonton Jules, naye huweka sauti kubwa, husimama karibu yangu, na nikianza tu kusema "Papa, Koba..." anakohoa na kusema vocha imekwisha. Kwa hiyo ninaandika. Jirani yetu Mama Suzana anashuka Kinshasa kwa boti wiki hii, na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Sikuifunga bahasha. Akitaka aisome njiani, na akitaka awasomee abiria wote. Sina neno la kuficha.

Jambo lenyewe ni hili. Tonton anataka kuiuza Koba, gari letu, kwa wale mafundi wanaoyeyusha injini za zamani na kumimina sufuria. Mimi nimesema hapana. Nimesema mbele ya Mama, nimesema mbele ya Tonton mwenyewe, na sasa ninasema mbele yako, kwa sababu sijui wewe umemwambia nini.

Unakumbuka siku ulipoileta? Pikapu nyeupe ya Mama iliivuta kwa kamba kutoka uani kwa masista. Haikuwa na milango, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Watoto wote wa avenue yetu walikimbia nyuma yake wakiimba. Ulisema tutaiita Koba, jina la kobe kwa Kilingala, kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye Papa Béa, unaniletea mwenzangu wa chuma?"

"Huyu hapana kula sana," ulimjibu.

"Anakula petroli! Mimi ninakula pondu, majani tu!"

Mama alinuna mpaka usiku, lakini kesho yake yeye ndiye aliyeosha viti.

Kila Jumamosi baada ya shule ulinipa kazi. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikawa vyekundu. Nilijua kila ufunguo kwa namba yake kabla sijajua vizuri jedwali la kuzidisha. Ulifumba macho, injini ikinguruma, ukaniuliza: "Niambie, iko inapiga ine ao tatu?" Nikasikiliza. "Tatu, Papa." Ukaruka kama mtu aliyefunga bao. "Mutoto yangu!" Tukatafuta ile plagi moja iliyolala, tukaisafisha, na injini ikapiga nne. Sijawahi kupata alama shuleni iliyonifurahisha kama ile.

Uliipaka buluu iliyobaki kwenye boti ya mjomba wa Yanonge. Pikapu ilikuwa ya kazi, ya mchele na mafuta ya mawese. Koba ilikuwa ya furaha tu. Jumapili baada ya misa tulikwenda polepole mpaka darajani, tukaangalia maji ya Tshopo, tukala lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki juu ya boneti yake, kisha tukarudi nyumbani. Hakuna tulichobeba. Hakuna aliyetulipa. Watu walituuliza gari la namna hiyo linafaa nini, na wewe ulipiga honi.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Kila Jumapili asubuhi, kabla hatujatoka, uliibandua karatasi ya bima kwenye kioo cha pikapu ukaibandika kwenye kioo cha Koba. Jumatatu uliirudisha. Mama Suzana aliangalia kutoka ng'ambo ya njia na kukutania: "Bibi wawili, liputa moja ya kujifunga! Siku watatoka wote wawili, tutaona nani yuko uchi!" Nawe ulicheka. "Polisi anasoma rangi," ulisema, "hapana namba." Papa, ninakupenda, lakini neno lile halikuwa kweli. Najua avenue nzima inafanya hivyo. Kwetu bima ni kitu cha kumwonyesha polisi, akikiona anakupisha, basi. Hakuna anayeuliza inamkinga nani.

Ulipoondoka kwenda kutafuta kazi Kinshasa, Tonton alichukua usukani wa Koba, eti betri isife. Akaendelea na desturi yako. Usiku wa kuamkia Jumapili moja akabandika karatasi kwenye Koba, na asubuhi tukapanda, mimi na wadogo zangu. Hakuna aliyekumbuka kwamba alfajiri ile Mama alikuwa ameondoka na pikapu kwenda Banalia. Mchele ulikuwa unamngoja na alitaka kuwahi mvua.

Kwenye mzunguko, Papa Asumani alikuwa mbele yetu na baiskeli yake. Ni yule anayesuka viti vya mitii, zile fito za kupinda za msituni, unamjua, alisuka kiti cha mzee wetu Koko. Alikuwa amefunga viti vinne nyuma, vimepanda juu kuliko kichwa chake. Tonton alikuwa anampungia mkono rafiki yake. Nilipiga kelele. Bampa ya Koba ilishika mguu wa kiti, baiskeli ikageuka, na Papa Asumani akaangukia mkono wake. Niliusikia mfupa, Papa. Nimezoea kusikiliza, nikausikia.

Watu walijaa. Tonton akashuka, mikono juu. "Musipige kelele! Tuko na assurance!"

Polisi akaja, akainama kwenye kioo. Siku hiyo alisoma namba. Alisoma taratibu, akazunguka nyuma ya gari, akarudi.

"Bon. Hii karatasi iko ya camionnette nyeupe. Camionnette iko wapi?"

"Iko... kazini, chef."

"Alors, hii ya buluu iko na nini?"

Mtu mmoja katika umati akasema, "Iko na rangi nzuri!" na wote wakaangua kicheko, huku Papa Asumani amekaa chini akishikilia mkono wake. Sitasahau kicheko kile.

Siku hiyohiyo, akirudi na mchele kwa njia ya Banalia, Mama alisimamishwa kwenye kizuizi. Wakamwomba karatasi ya bima. Mama akatazama kioo, akaona alama ya gundi tu. Baadaye alitusimulia jibu lake: "Chef, assurance yangu imeenda misa." Walicheka hata wao, lakini hawakumwachia. Alilala kule juu ya magunia, na mvua ikanyesha.

Basi siku moja tu, magari yote mawili yakawa uchi.

Mkono wa Papa Asumani ulivunjika kwenye kifundo. Mama aligharamia matibabu kwa ule mchele, na kila siku tunampelekea chakula, kwa sababu kwa mkono mmoja hawezi kusuka. Ni hapo Tonton alipoitisha kikao. Akasema Koba iuzwe kwa mafundi wa sufuria, injini yake ni nyepesi, inayeyuka vizuri, wameshakuja kuigonga kwa vidole. Papa, waliigonga kama mtu anavyochagua nanasi sokoni.

"Ni gari ya kuchezea," alisema Tonton. "Imeumiza mutu. Tunauza, c'est fini."

"Tonton," nikasema, "Koba haikujiendesha."

Mama akanikemea, msichana hamjibu tonton wake namna hiyo. Nikaomba msamaha kwa sauti niliyotumia. Kwa maneno sikuomba.

Nilikwenda kumwuliza Papa Asumani mwenyewe, kwa sababu kila mtu alisema kwa jina lake na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amekaa nje, mkono umefungwa, anamwelekeza mkewe jinsi ya kuloweka mitii, na mkewe anamwambia anyamaze.

"Muiuze?" akasema. "Waifanye sufuria? Kisha huyu bibi yangu aende sokoni, ainunue, anipikie sombe ndani ya gari iliyonivunja mukono? Hapana!"

Mkewe akacheka mpaka akaweka mitii chini. Kisha Papa Asumani akanitazama bila mzaha. "Lakini sikia, mutoto. Mutafute karatasi ya kweli. Si miye peke yangu niko na mikono hapa Kisangani."

Niliporudi nilimwambia Mama neno kwa neno. Jumatano alinichukua kutoka shuleni, nikiwa bado na yunifomu, tukaenda Makiso kwenye ofisi ya bima. Yule mama wa mezani alitupokea vizuri. Alitueleza kwamba kila gari linakingwa kwa namba yake iliyogongwa kwenye chuma, si kwa familia wala kwa kioo. Akauliza Koba inafanya kazi gani.

"Haifanyi kazi," nikasema. "Inatutembeza Jumapili."

"Haibebi abiria wa kulipa? Haibebi maharusi?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri. Nitaandika ni gari la pili la nyumba, la matembezi. Lakini musinidanganye, siku mukilifanya teksi karatasi haitawasaidia." Akaendelea: "Inawakinga watu mutakaowaumiza. Gari lenyewe siwezi kulikinga. Kwa umri huu, kwetu halina thamani."

Papa, nilisimama. Najua nilipaswa kubaki nimekaa. Nilimwambia, "Mama, andika kwamba halina thamani, hatukatai. Ninyi mnaandika bei ya kuliuza, na sisi hatuliuzi." Mama alinivuta sketi. Yule mama akacheka kidogo, akaendelea kuandika.

Mafundi wa sufuria walirudi jana. Tonton aliwaleta mpaka uani. Niliwaambia funguo ninazo mimi, na ninazo kweli, zimo shingoni mwangu hata ninapooga. Mmoja akasema, "Tutaivuta bila funguo, musichana." Nikakaa ndani ya Koba, kwenye kiti chako, nikafungua kitabu cha jiografia, nikaanza kusoma kwa sauti mito yote ya nchi hii. Nilisoma mpaka wakachoka. Mama alitazama kutoka jikoni na hakuniita. Kisha akaniletea mahindi ya kuchoma dirishani, kama vile nilikuwa abiria.

Watarudi, najua. Nami nitakaa tena. Wanaweza kusema mimi ni mtoto, mimi ni msichana, gari ni zee, matembezi ni ya matajiri. Mikono hii ndiyo iliyosugua kutu yake. Papa Asumani hataki iuzwe, na njia ya kuiendesha bila kumwacha mtu mwingine chini barabarani ipo, tumeiona kwa macho. Ni nani basi anayeihitaji iwe sufuria?

Kuna kitu kimoja tu kilichobaki, na ndicho Mama aliniomba nisikuandikie. Yule mama wa bima aliuliza, "Nani ataiendesha?" Mama akasema, "Bwana yangu." "Yuko wapi?" "Kinshasa." "Anarudi lini?" Mama alitazama mikono yake. Ulituambia utarudi mvua ikipungua, na tangu hapo imepungua na kuanza tena mara nyingi. Yule mama akasema kwa upole kwamba hawezi kumwandika dereva ambaye hayupo, lakini atatungoja mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Mama anaendesha pikapu mpaka Banalia, permi yake ya kuendesha anayo kwenye mkoba. Hakuitoa. Alishukuru, akanishika mkono, tukatoka.

Sikuombi viatu, wala simu, wala kitu chochote cha Kinshasa. Sikasiriki hata kama jibu lako ni lile ninaloliogopa. Nikilijua, nitajua la kufanya. Mama Suzana anarudi na boti ileile, na nimemwambia asiondoke kwako bila karatasi yenye mwandiko wako.

Wote wanakusalimu, wadogo zangu wamekua, na injini inapiga nne. Ubaki na Mungu, Papa, na unijibu hili moja tu: kwenye mahali pa dereva, tuandike jina lako, au tuandike la Mama?

Binti yako wa kwanza,
Béa