Supu ya Sato Kabla ya Kipimo

Maige, leo mjinga nilikuwa mimi. Usinitetee.

Nimempeleka Nusrat hospitali kwa kile kipimo. Si unajua darasa zima limempita kwa urefu? Wanamtundikia dripu ya arginini, ni asidi amino, halafu wanamtoa damu mara kwa mara waone kama ile tezi ya chini ya ubongo itaamka na kutoa homoni ya ukuaji.

Walisema aende na njaa. NJAA! Nikaona mwanangu haendi kwenye mtihani tumbo tupu. Na kwenye simu nilisoma kwamba hiyo arginini imo hata kwenye samaki. Basi asubuhi nikapita soko la samaki la Mwaloni, nikampikia supu ya sato, bakuli zima.

Nesi Justa, mama mtu mzima, akauliza, "Mtoto amekula?"

Nikajibu kwa maringo, "Sana! Nimemtangulizia dawa."

Akaishusha dripu. AKAISHUSHA, Maige! "Chakula kinavuruga majibu. Mrudi wiki ijayo." Nusrat machozi yakamlengalenga, maana alikuwa ameshajikaza kwa sindano.

Na mimi badala ya kunyamaza nikabisha! "Mama, samaki ana ubaya gani? Mimi nimekula sato Kirumba tangu utotoni, na nimekua."

Nesi akaja kusimama mbele yangu. Ikabidi ainamishe kichwa ndipo macho yetu yakutane.

"Baba Nusrat, sato wote hao, na umeishia hapo?"