Wasifu Niliokuandikia

Kwako mdogo wangu, Bwana Waya,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana zimekaa muda mrefu bila pa kwenda. U hali gani? Kifua chako kile cha msimu wa baridi kimetulia? Unakula? Mimi sijambo. Miguu inalalamika kidogo jioni, lakini bado inanibeba. Nyumba ya wazazi ipo. Nimeitia bati moja jipya upande wa chumba chako.

Kazini ni yaleyale. Hospitali siku hizi inanunua mashuka yaliyokwisha kushonwa, kwa hiyo katika chumba cha cherehani nimebaki peke yangu. Mashine nyingine tatu zimefunikwa vitambaa. Natia viraka, napinda mapazia, na siku nyingine natoka saa kumi sijasema na mtu zaidi ya "habari" na "kwaheri".

Sasa nikupe jipya. Jumamosi iliyopita kulikuwa na maonyesho ya ajira katika ukumbi wa mikutano, makampuni arobaini, kila moja na meza yake. Nilikwenda kwa ajili yako. Usicheke. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa: nilikata orodha ya makampuni gazetini, nikatia alama yale tisa yanayohusu umeme, nikatoa cheti chako cha ufundi sandukuni, nikapiga nakala kumi. Wasifu wako niliuandika mwenyewe, karani wa mapokezi pale hospitalini akanichapia. Nilivaa viatu vya chini, nikafika kabla mlango haujafunguliwa, maana chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Mlangoni walinipa karatasi ya kubandika kifuani, niandike jina. Nikaandika lako. Kutwa nzima watu wakawa wananiita bwana, kisha wanalitazama gauni langu. Kwenye meza ya tatu mzee mmoja wa kampuni ya pampu alicheka mpaka akavua miwani, nami nikacheka naye. Mdogo wangu, sikumbuki mara ya mwisho kucheka na mtu ilikuwa lini. Hapo nikapata moto. Kila meza niliuliza maswali yangu mawili, wanataka fundi wa aina gani na maombi yanasomwa na nani, nikaandika majibu daftarini palepale kabla sijasahau.

Meza ya sita ilikuwa ya kampuni inayofunga na kutengeneza lifti. Alikaa pale mhandisi mwanamke, mtulivu, wa rika langu. Alikisoma cheti chako mara mbili, akasema alama hizo hata yeye hakuzipata. Akaniuliza mbona hukuja mwenyewe. Nikamwambia uko njiani kurudi, na kwamba wewe ndiye uliyenituma. Akageuza karatasi, akauliza, "Na sasa hivi anafanya kazi gani?"

Niliinama kuisoma pamoja naye. Kwenye wasifu, baada ya mwaka ule ulioondoka, pana nafasi nyeupe ya miaka sita. Nilidhani nimesahau kuijaza. Kumbe sijui. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, huyu anatafuta kazi, au wewe ndiye unayemtafuta yeye?" Hata hivyo akaniandikia miadi yako, Jumanne ya wiki ijayo saa nne asubuhi.

Sikwenda meza ya saba. Nilikaa kwenye kiti cha ukutani mpaka wakaanza kukunja meza zao.

Sasa nitue mzigo. Hukuwahi kuniambia unataka kurudi, wala hukunituma. Na kabla ya barua hii nilikuandikia nyingine. Ndani yake nilisema naumwa sana, daktari amekata tamaa, uje upesi. Nilijua ungepanda gari siku ileile, nami ningekuwa nimeshakupigia pasi suruali ya usaili. Nilibandika stempu. Nilikwenda nayo hadi kwenye sanduku la posta, mkono ukakataa. Nimekulea tangu mama alipotutoka, sikukudanganya hata siku niliyokupeleka kung'olewa jino. Nianze leo, na mvi hizi? Nimeichana. Siumwi chochote. Ni upweke tu, na kwa miaka niliyokaa hospitalini sijaona ukiandikiwa dawa.

Jana nilimpigia simu yule mhandisi nikamweleza ukweli wote. Akasema nafasi itabaki wazi hadi mwisho wa mwezi, ila safari hii upige mwenyewe. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Ukiitaka, piga. Usipoitaka, sitanuna. Au nitanuna siku mbili, kisha nitapoa.

Lakini hata usiporudi, niandikie unafanya nini huko. Unaamka saa ngapi, unafanya kazi na akina nani, mikono yako inashika nini kutwa. Likiwa dogo, liandike vivyo hivyo. Likiwa la kukutia aibu, mimi ni dada yako.

Karani wa mapokezi anakusalimu, ingawa hajawahi kukuona. Anasema anakujua kwa cheti. Nisalimie wote mnaokula meza moja huko, kama wapo. Naomba wawepo.

Ni mimi,
Dada yako